Historia ya Kupumzika: Likizo na Uchovu wa Kazi, kutoka Midia hadi Kakira

Walimu wa Kiswahili wanapokutana huzungumza sana habari za kazi: mitaala, vitabu, mitihani, na njia bora za kufundishia. Ni nadra kuwasikia wakizungumza habari za kupumzika. Pengine ni kwa sababu kupumzika hudhaniwa kuwa jambo dogo lisilohitaji kufikiriwa. Kazi ikisimama, mtu hukaa, basi. Lakini likizo nayo ina historia yake, na historia hiyo haikutendeka Ulaya peke yake. Katika makala haya tumekusudia kuitazama kutoka mahali ambapo huenda msomaji hapatarajii, yaani Midia, katika wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Hoja yetu ni moja. Uchovu wa kazi haukuanza leo. Lililobadilika toka zama hadi zama ni nani anayekubaliwa kuwa amechoka, na nani anayelipa gharama ya kupona kwake.

Maneno na Maana Zake

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina neno pumzika, ambalo ni ndugu wa pumua na pumzi. Kwa maana hiyo, mtu apumzikaye ni mtu aliyerudishiwa pumzi yake. Neno likizo nalo linatokana na kitenzi likiza, ambacho wazee walikitumia kwa maana mbili: kumpa mtu ruhusa aondoke kazini, na kumwachisha mtoto ziwa. Maana hizi mbili hazipingani. Katika zote mbili yupo mtu aliyeshikamana na kitu, naye huachishwa kwa makusudi, kwa wakati wake, ili aweze kuishi bila kitu hicho. Mtoto aliyelikizwa akiendelea kunyonya kwa siri, hajalikizwa. Na mwalimu aliyepewa likizo akaendelea kuubeba mzigo wa darasa kichwani mwake, je, huyo amelikizwa?

Hata hesabu ya siku za juma inatufundisha jambo. Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ni ya pili, na kuendelea, kwa sababu hesabu ya Waswahili ilianzia baada ya Ijumaa, siku ya sala ya pamoja. Katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja karne ya 19, watumwa walifanya kazi ya bwana wao kwa kawaida siku tano, wakaachiwa Alhamisi na Ijumaa. Lakini tusiharakishe kuziita siku hizo mapumziko. Katika siku hizo mtumwa alilima kishamba chake ili apate chakula chake mwenyewe, na kwa njia hiyo bwana aliepukana na sehemu ya gharama ya kumlisha. Baadaye, serikali za kikoloni zilipoileta Jumapili kuwa siku ya mapumziko, siku iliyoitwa ya pili ikawa ndiyo ya kupumzikia. Jina lilibaki lakini utaratibu ulibadilika.

Mwaka wa Mkulima

Kabla ya kipande na mshahara, watu wa Midia na majirani zao walikuwa na utaratibu wao wa kazi na mapumziko. Haukuandikwa kwenye karatasi. Uliwekwa na mvua. Katika sehemu hizo mvua huanza karibu na mwezi wa Machi au Aprili na huendelea hadi Novemba. Huo ndio wakati wa kulima, kupanda, kupalilia na kuvuna ulezi, mtama, ufuta, karanga na mihogo. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kiangazi. Majani hukauka, moto huwashwa porini, na jembe huwekwa kando.

Kiangazi hakikuwa wakati wa uvivu. Ndipo nyumba zilipojengwa na kuezekwa kwa nyasi mpya, watu walipowinda, mahari yalipojadiliwa, ngoma zilipochezwa, na jamaa wa mbali walipotembelewa. Kwa maneno mengine, kupumzika hakukuwa kukaa bure bali kubadilisha kazi, na zaidi ya hayo kubadilisha sababu ya kuifanya. Mtu aliyekuwa akilima kwa ajili ya tumbo sasa alicheza na kuzungumza kwa ajili ya ujamaa wake na wenzake.

Hata hivyo hatuna budi kusema ukweli wote. Kiangazi cha mwanamume hakikuwa kiangazi cha mwanamke. Wakati visima vya karibu vikikauka, mwendo wa kufuata maji huwa mrefu zaidi; nafaka husagwa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe; na kila ngoma inayochezwa huhitaji pombe na chakula, navyo vina watu wa kuvipika. Hivyo tangu zamani mapumziko ya mmoja yaliweza kuwa kazi ya mwingine. Jambo hili tutalikuta tena mbele.

Njia ya Kusini

Sehemu hii ya nchi ilipitia mikono mingi kwa muda mfupi. Kuanzia 1894 hadi 1910 ilikuwa katika eneo la Lado, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwishoni mwa 1909 ilikwenda kwa serikali ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa katika Uganda. A. E. Weatherhead akafungua boma mjini Arua. Mipaka ikawagawa Wakakwa katika nchi tatu. Kisha ikaja kodi ya kichwa, na kodi ilihitaji fedha.

Fedha zilikuwa kusini. Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na kiwanda cha Kakira cha akina Madhvani kikaanza mwaka 1930. Mashamba ya miwa yalitaka mikono mingi, na wilaya ya West Nile, iliyokuwa mbali na reli na masoko, ikageuzwa kuwa ghala la vibarua. Safari yenyewe ilikuwa kazi. Kijana alisafiri kwa miguu au kwa lori hadi kwenye mto Nile, akapanda meli hadi Butiaba katika Ziwa Albert, kisha akapita nchi kavu hadi Masindi Port, akapanda meli nyingine kuvuka Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na huko akashika treni ya kwenda Jinja. John Middleton, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza aliyeishi kati ya Walugbara kuanzia 1949 hadi 1952, aliikuta safari hiyo ya kusini ikiwa imekwisha kuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya vijana.

Kazi ilipimwa kwa kipande. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kwa mfano, kibarua alipewa kadi ya siku 30 za kazi, naye alitakiwa kuimaliza katika muda wa siku 42. Ukiitazama harakaharaka, kadi hiyo yaonekana kuwa na huruma, maana ndani yake zimo siku 12 za kupumzika. Lakini siku hizo hazikulipwa. Mwenye shamba alikuwa ametambua jambo moja kwa usahihi, kwamba mwili wa binadamu hauwezi kukata mkonge siku 30 mfululizo. Alilokataa ni kwamba kupumzika kwa mwili huo kulikuwa sehemu ya gharama ya mkonge.

Je, gharama hiyo ilikwenda wapi? Ilikwenda nyumbani. Mkataba ulipokwisha, kijana alirudi West Nile, pengine amekonda, pengine na homa, pengine na blanketi na vishilingi vya kodi. Huko alikuta chakula ambacho hakukilima, nyumba ambayo wengine waliiezeka, na mama, dada au mke wa kumwuguza. Akapata nguvu tena. Na baada ya miezi au misimu michache akaondoka tena, akiwa mzima, tayari kwa kipande kipya. Mshahara haukuwa umehesabu hata chungu kimoja cha uji huo. Hivyo tukisema kwamba vijiji vya West Nile vilichangia sukari ya Uganda, tusiwahesabu wakataji miwa tu; tuwahesabu pia waliowaponya.

Kwa upande mwingine, njia hiyohiyo ya kazi ilileta lugha. Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilitumia Kiswahili, na watu wengi wa West Nile waliingia jeshini na katika polisi. Askari alikuwa na jambo ambalo kibarua wa shamba hakuwa nalo: ruhusa ya kwenda nyumbani yenye mwanzo na mwisho, ambayo yeye aliiita livu. Si ajabu basi kwamba katika sehemu ambapo Kikakwa, Kilugbara, Kiaringa na Kinubi husemwa bega kwa bega, Kiswahili kilijulikana kama lugha ya kambi na ya safari. Na mtu aliyekuwa katika livu alikileta mpaka barazani.

Uchovu Wenye Jina na Uchovu Usio na Jina

Wakati huohuo palikuwako watu wengine katika Afrika ya Mashariki ambao uchovu wao ulichukuliwa kwa uzito mkubwa. Mwaka 1869 daktari wa Marekani, George Beard, alieneza jina neurastenia, yaani udhaifu wa mishipa ya fahamu uletwao na shughuli nyingi za maisha ya kisasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 jina hilo likavaa kofia ya jua, likaitwa neurastenia ya tropiki. Madaktari wa kikoloni waliamini kwamba jua, joto na upweke huchakaza akili ya Mzungu: hulala vibaya, husahau, hukasirika upesi, na mwishowe hushindwa kufanya kazi yake.

Kutokana na imani hiyo ukafuata mpango kamili. Ofisa alitumikia miaka miwili au mitatu hivi, kisha akapewa miezi kadhaa ya likizo yenye mshahara pamoja na nauli ya meli ya kumrudisha Uingereza. Wale wasioweza kungoja walitafuta hewa baridi milimani. Wajerumani walikuwa wamejenga mji wa Wilhelmstal katika milima ya Usambara, nao ndio Lushoto ya leo. Na baadaye gavana wa Kiingereza akawa na nyumba yake ya kupumzikia hukohuko.

Hatuudharau uchovu wa watu hao. Mtu akiugua huwa ameugua. Lakini tulinganishe. Ofisa aliyeketi mezani mjini Arua akasahau barua, aliitwa mgonjwa, akapewa meli. Kibarua aliyekata miwa kuanzia alfajiri akashindwa kuamka siku ya pili, aliitwa mvivu, akakatwa siku. Dalili zilifanana, tofauti ilikuwa katika neno. Hapa walimu wa lugha tuna la kujifunza. Kulipa jambo jina si urembo wa msamiati. Uchovu wenye jina hupata dawa, posho na sheria. Uchovu usio na jina hupata matusi.

Likizo Yawa Haki

Haki ya likizo ilipatikana polepole, na ilidaiwa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza mwaka 1919, juu ya saa nane za kazi kwa siku viwandani. Mwaka 1936 likapitisha mkataba wa likizo ya mwaka yenye malipo, ambao kiwango chake cha chini kilikuwa siku sita za kazi baada ya mwaka mmoja wa utumishi. Mwaka 1970 kiwango hicho kikapandishwa kuwa majuma matatu. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 10 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulitangaza katika ibara ya 24 ya Tangazo la Haki za Binadamu kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata likizo zenye malipo. Katika mwaka huohuo wa 1948 wafanyakazi wa Unguja waligoma, na mwaka mmoja kabla yake migomo mikubwa ilikuwa imetikisa Mombasa na bandari ya Dar es Salaam. Maneno mazuri ya mikutano ya ng'ambo yasingefika kwa kibarua bila ya kibarua kusimama mwenyewe.

Kwa walimu, hatua muhimu ilikuwa tarehe 5 Oktoba 1966, wakati UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walipopitisha mjini Paris Mapendekezo juu ya Hadhi ya Walimu. Humo imeandikwa kwamba walimu wote wapate likizo ya kutosha ya mwaka yenye mshahara kamili. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa tangu 1994 kuwa Siku ya Walimu Duniani, ingawa ni wachache kati yetu wanaokumbuka kwamba kupumzika ni miongoni mwa mambo tunayoyaadhimisha.

Sheria za nchi zetu nazo zimelikubali jambo hili. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo kwa kila miezi minne ya utumishi. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 2004, inatoa siku 28 kwa mwaka. Na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, siku 21 za kazi. Msafiri wa Kakira wa mwaka 1935 angeshangaa.

Kusimama Si Kupumzika

Lakini historia ya sehemu hizi inatuonya tusichanganye mambo mawili: kazi kusimama na mtu kupumzika. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya mwishoni mwa mwaka 1980, watu wa West Nile kwa maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Majembe yalilala, shule zilifungwa, na wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980. Hakuna anayeweza kuiita miaka hiyo mapumziko. Mkimbizi hafanyi kazi yake, lakini hana pumzi.

Mfano wa pili u karibu zaidi. Mnamo Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, shule zote za Uganda zilifungwa. Baadhi ya madarasa yalifunguliwa na kufungwa tena, na shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kufungwa huko kulikuwa kwa muda mrefu kuliko kote duniani. Walimu wa serikali waliendelea kupokea mishahara. Wengi wa walimu wa shule za binafsi hawakupata kitu, wakaingia katika kilimo, uchuuzi na kuendesha bodaboda, na baadhi yao hawakurudi darasani tena. Karibu miaka miwili bila darasa haikuwaburudisha. Kilichokosekana hakikuwa muda. Kilichokosekana ni utulivu wa moyo, na utulivu huo hauji ikiwa mtu hajui atakula nini kesho.

Mwalimu na Likizo Yake

Sasa tumfikie mwalimu wa leo. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, tabibu wa nafsi mjini New York, aliandika habari za watu wa kujitolea waliofanya kazi katika kliniki ya bure, ambao baada ya muda walikuwa kama moto uliokwisha kuni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo, ambayo tunaweza kuiita uchovu sugu wa kazi, kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimoyo, na kupungukiwa na ufanisi. Shirika hilo halikuiita ugonjwa, bali hali itokanayo na shinikizo la muda mrefu kazini lisiloshughulikiwa ipasavyo. Tuzingatie maneno hayo ya mwisho: chanzo kimewekwa kazini, si katika udhaifu wa mtu. Uchovu ambao zamani ulikuwa na jina kwa ofisa peke yake sasa una jina kwa kila mtu.

Shule za Koboko, kama za Uganda nzima, zina vipindi vitatu kwa mwaka, na likizo iliyo ndefu kuliko zote huangukia Desemba na Januari, yaani ndani ya kiangazi kilekile cha wazee. Kalenda ya shule na kalenda ya mvua zimekutana. Lakini je, mwalimu hukitumiaje kiangazi hicho? Mara nyingi huhamisha darasa tu: hufundisha masomo ya ziada kwa malipo madogo, husahihisha mitihani, hutunga maazimio ya kazi, na kwa saa zinazobaki huhangaikia ada za watoto wake. Kenya ilipiga marufuku masomo ya likizo kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na zuio hilo lilikuwa kwa faida ya mtoto na ya mwalimu pia. Lakini marufuku peke yake haitoshi pale ambapo mshahara hautoshi. Ambaye mshahara wake hautoshi kumlisha hadi mwisho wa likizo, yu katika zile siku 12 za kipande.

Kwa upande wetu wenyewe yapo mambo tunayoyaweza. Wachunguzi wa siku hizi wameona kwamba nafuu ya likizo hufifia ndani ya majuma machache baada ya kurudi kazini, na kwamba apataye nafuu zaidi ni yule aliyeiacha kazi hata katika mawazo. Kwa hiyo tusitegemee mwezi mmoja wa Desemba kulipia deni la mwaka mzima. Pumzi hurudishwa kila jioni, kila mwisho wa juma, na kila mwisho wa kipindi. Madaftari yakishafungwa yawekwe mahali pasipoonekana. Mtu aende akaezeke nyumba ya mzee wake, akavue, akashone, akawatembelee jamaa. Maana kubadilisha kazi kwa hiari ni mapumziko ya kale yaliyothibitika. Na mwalimu mwanamume aliyeketi chini ya mwembe atazame ni nani anayeteka maji. Ikiwa kupona kwake kunamchosha mwenziwe nyumbani, basi ameyafanya yaleyale ambayo mwenye shamba la miwa aliufanyia ukoo mzima.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Tumezoea kuitumia methali hii kuwahimiza wanafunzi wavumilie jua. Yafaa tuwafundishe pia sehemu yake ya pili, kwamba kivuli ni sehemu ya malipo, na kwamba walioifanya kazi ya kwanza katika mashamba ya Lugazi na Kakira hawakulipwa kivuli hicho na aliyewaajiri. Walilipwa na mama zao. Likizo inapokaribia, chama chetu na kila tawi lake lina wajibu wa kuuliza swali moja katika mkutano wa mwisho wa kipindi: ni mwalimu gani kati yetu anayekwenda likizo bila kulikizwa, na tufanye nini ili naye apate pumzi?